Bayosi ya Mashine ya Kaka

Jumanne, 3 Juni

Sijawahi kumwambia mtu: mashine ya gemu ya kaka niliiua mimi. Niliifungua kuifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, nikaichomeka kabla haijakauka. Nyumba nzima ililaumu umeme. Nikanyamaza. Mwaka sasa.

Leo kaka kapiga simu, anakuja Jumamosi. Akaulizia ile timu ya mpira aliyoiunda kwenye gemu kwa majina yetu — bibi golikipa, mama winga. Nikadakia kwamba nitaifufua kwenye kompyuta. Sijui nani alinituma.

Jumatano, 4 Juni

Nimeazima kompyuta ya shangazi. Miwani, tunayekaa naye dawati moja, ana kifaa cha kusomea memori kadi, ile ya mashine iliyohifadhi timu. Timu imehamia salama. Emyuleta, ile programu ya kuiga mashine, ikafunguka — kisha giza. Inadai bayosi.

Nimesoma mpaka macho yanawasha. Ndani ya mashine kuna chipu yenye maagizo ya kwanza kabisa: namna ya kuamka, kukagua diski, kufungua kadi. Nakala yake ndiyo faili la bayosi. Bila hiyo emyuleta haijui ianzie wapi.

Shangazi kachungulia. "Yaani umeazima kompyuta yangu ukodolee giza?"

Alhamisi, 5 Juni

Miwani kaniletea bayosi kwenye flashi. Hajui ilikotoka. Nikaipa jina lilelile emyuleta inalolitaka, herufi kwa herufi. Nembo ikatokea, na ule mlio wa zamani! Nilisimama.

Kisha ikagoma: diski ya gemu ya kaka si ya eneo hili. Kumbe bayosi ni ya mashine zilizouzwa kwingine. Miwani anasema tujaribu nyingine, na nyingine. Lakini iliyo sahihi najua ilipo. Chini ya kitanda changu, kwenye boksi, ndani ya mashine iliyokufa.

Ijumaa, 6 Juni

Baada ya shule nimeipeleka mashine kwa fundi redio, nikasema iliuawa na umeme. Kaifungua, kainusa, kaigeuza.

"Nani kasema umeme?"

"Nyumbani."

"Umeme hauachi madoa ya maji, mwanangu."

Nikatazama viatu vyangu. Akasema chipu huenda ni nzima, anaweza kuisoma, ila lazima aing'oe. Na ubao ilipochomelewa umeoza kwa kutu. Akiing'oa, mashine haitarudi tena kuwa mashine. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia. Akafunga boksi.

"Mwenyewe akikubali, njooni."

Jumamosi, 7 Juni

Kaka kafika saa nne. Kanenepa. Amemtania mama kwamba winga gani anacheza na kanga, wakacheka mpaka shangazi akaja kuona kuna nini. Kisha akanigeukia: "Haya, mtaalamu. Timu iko wapi?"

Nilileta boksi badala ya kompyuta. Nikasema ni mimi, si umeme. Kitambaa kibichi. Nikaeleza habari ya chipu, haraka, bila kupumua, na kwamba kuing'oa ndio mwisho wa mashine. Mama akaweka kikombe chini.

Kaka akaitoa mashine kwenye boksi. Aliinua mfuniko, akapitisha kidole juu ya madoa, polepole, kama anasoma.

"Chipu ya kung'oa ni ipi?"

Nikapiga magoti kando yake, nikamwonyesha.