Jora la Persimoni

Jumatatu, 15 Agosti
Sikukuu, lakini si kwangu. Tangu asubuhi natwanga persimoni, matunda ya kutia nguo rangi. Mabichi, ya kijani, ukakasi wake hata ndege hawagusi. Jora zima la pamba, mita ishirini, halina kiungo hata kimoja. Nimelikanda ndani ya maji yake mpaka vidole vimekakamaa, nikalitandaza kwenye nyasi za uani. Sasa ni kazi ya jua: lowesha, anika, geuza, siku kumi mfululizo, mpaka liwe kahawia. Tarehe 29 chuo cha Jeonju wanataka kuliona. Zima! Wakiridhika, nafundisha huko wiki mbili kila mwezi. Kazi hii nimeisaka miaka sita.

Mama mkwe kapita na ndoo yake. Eti zamani nguo hii ilikuwa ya kuchumia machenza, siku hizi watu wanaitundika ukutani kama picha ya marehemu. Nikamwomba tu asiikanyage.

Jumatano, 17 Agosti
Kesho naondoka hapa kisiwani, navuka kwenda bara. Daegu, wanafunzi kumi na wanne, siku nne. Nimempa Ik-hwan maagizo mara tatu. Maji asubuhi, maji mchana. Mvua ikija, liache linyeshewe. Usilikunje likiwa limelowa, hata kidogo — kunjo likishashika rangi halitoki milele. Kasema: Mke wangu, mimi si mtoto.

Seulbi kauliza narudi lini. Mama mkwe kamjibu kabla sijafungua mdomo: Mama yako ni mgeni, na mgeni haulizwi. Ebo! Mtoto wa miaka tisa anajazwa maneno hayo na uji wake wa asubuhi.

Ijumaa, 19 Agosti. Daegu
Nimepiga simu. Ik-hwan: jora liko salama, fundisha tu. Nyuma yake upepo, na wanaume wanacheka. Anasema ni televisheni.

Jumatatu, 22 Agosti
Limekatwa!

Nimeingia uani, nyasi tupu. Ndani mama mkwe yuko kwenye cherehani, suruali nne tayari, ya tano chini ya sindano. Jumamosi tunakwenda kufyeka makaburi ya ukoo, anasema, wanaume hawana suruali za kazi, miiba itawachana. Na kitambaa kilikuwa kimelala tu. Kimelala tu! Nimemwita mchawi. Mbele ya mtoto. Nimesema na mengine, siyaandiki hapa. Hakunijibu hata moja. Mwanamke huyu hajawahi kukosa jibu tangu niolewe, miaka kumi na moja! Dharau tupu.

Ik-hwan alisimama mlangoni, anaangalia kidole gumba cha mguu wake.

Jumanne, 23 Agosti
Nimehesabu siku. Hata nikitwanga leo, rangi haitakomaa. Basi.

Alhamisi, 25 Agosti
Siku ya tatu sili naye meza moja. Anaacha bakuli la mchuzi baridi wa soya na matango mlangoni pangu. Siligusi. Wali wa shayiri siugusi. Nakula biskuti kama mwanafunzi wa bweni.

Jioni Ik-hwan kaja mpole kama mafuta. Labda haikuwa riziki. Wapigie Jeonju, waambie huji. Seulbi anakuhitaji. Halafu — hapa akakohoa — mama ni mtu mzima na umemtukana, kamwombe radhi kabla ya Jumamosi, ukoo wote utakuwepo.

Mimi nimwombe radhi! Nimemtupia mto.

Sijapiga simu. Tiketi ya ndege ya Jumamosi jioni, ya kwenda Jeonju, bado ninayo.

Jumamosi, 27 Agosti. Makaburini, ndani ya gari
Naandikia gotini. Mwandiko hovyo, shauri yake.

Tumefika alfajiri. Wanaume watano wa ukoo, suruali tano mpya za kahawia. Wifi Jeong-ran hakuchelewa: Wifi, kumbe sanaa yako ina faida, leo imepata makalio! Wakacheka wote. Nikashika mundu, nikakata nyasi.

Halafu Ik-hwan akainama mbele yangu.

Mistari myeusi. Inapita makalioni, inashuka mpaka nyuma ya magoti. Makunjo! Kitambaa kilikunjwa kimelowa, kikakaa hivyo siku mbili, si pungufu. Mistari hiyo naijua, kila darasa nawaonyesha wanafunzi ili waiogope. Nikazikagua suruali nyingine, mtu baada ya mtu, watu wakanishangaa. Safi zote. Mama mkwe alikata akiyakwepa makunjo, na makunjo yote akamvika mwanawe.

Basi jora lilishakufa kabla ya mkasi.

Nimemvuta Seulbi nyuma ya ukuta wa mawe. Alilia kwanza, kisha akasema yote. Baba aliona mawingu, akalikusanya akalisukuma chini ya turubai, akaenda kuvua samaki na wenzake. Bibi ndiye aliyelikuta, Jumapili. Bibi kasema: Nyamaza, mjukuu wangu, mama yako na anikasirikie mimi, mimi nimezoea.

Kikulacho ki nguoni mwako. Loo!

Mama mkwe kaniona namtazama. Sijampenda ghafla, nisijidanganye. Lakini siku tano mume wangu amekaa anatafuna wali huku mama yake anaitwa mchawi. Akanituma mimi nikaombe radhi! Na Jeonju je? Ndiyo iliyomfanya awe mpole vile — jora limeharibika, mke atakaa nyumbani.

Nimeingia garini, nimejifungia. Saa saba na nusu. Ndege saa kumi. Begi liko nyuma. Funguo ninazo mimi.

Nakwenda. Sina jora, basi nitawawekea mezani suruali ile ya Ik-hwan. Nitawaambia: hii ndiyo mita ishirini yangu, someni wenyewe.

Ik-hwan anagonga kioo. Fungua, jua kali, watu wanatuangalia. Nimeshusha kioo upana wa kidole. Nimemwambia: Vua suruali.

Kacheka. Nimerudia. Hacheki tena.

Amemgeukia mama yake.

Mama yake ameinama, anakata nyasi.