Isale la Kaburi la Babu

Msimbazi, Kariakoo

Kwako Allen, mdogo wangu, mganga wa watalii,

Huku wazima. Vitenge vinatoka, mwanangu Jacqueline kafunga shule.

Kifurushi chako nimekipata. Yaani umeng'oa masale yote yaliyozunguka kaburi la babu ili hao wageni wako wa "tiba za mababu" wapate pa kuegesha magari, halafu unachukua isale mojawapo, unanitumia kuniomba radhi! Hata aibu huna.

Unajua kabisa kwetu Wachaga anayeletewa isale lazima asamehe. Haya, nimekusamehe.

Ila umelileta na mizizi yake, bwege wewe. Nimelipanda kwenye ndoo nyuma ya duka, na limeshachipua. Siku ukitaka kuongea na babu, njoo Kariakoo. Piga hodi kwanza.

Dada yako kwa kuzaliwa tu,
Severa