Maji ya Baraka Chini ya Kapo

Siku ya pili ya juma, tarehe 2 mwezi wa saba 2019

Gari imetusumbua tena. Haikukataa, hapana — inachelewa. Nyee... nyee... nyee... kama ng'ombe muzee anayetaka kuamuka kwa matope. Barthélemy aligeuza funguo mara sita. Kiisha majirani wakasukuma mpaka ku mutelemuko, njo ikawaka. Saa mbili ilikuwa imepita. Wanunuzi wa maziwa kule Sake hawangojake muntu. Bidon tatu zikarudi zimeganda.

Mungu wangu, unajua gari hii. Marehemu Kanamugire aliniachia binti yetu Alliance na hii pick-up. Alliance ameolewa Goma. Nimebaki na gari, na Barthélemy shofere wetu, miaka kumi na moja sasa. Ni muntu wa Kibua, kule porini Walikale. Alipanda ku mulima yetu na koti moja, na baridi yetu haijamuzoea mpaka leo.

Mimi nasema ni baridi inaifanya gari vile. Yeye anasema: "Mama, baridi iko hapa tangu zamani. Na gari ilikuwa inawakaka."

Kabla hajaondoka nikamwaga maji ya baraka kama kila asubuhi. Nilianza nyuma ya Pasaka, wakati kamiyo ile ya mizigo ilianguka pale ku kona na watu wakakufa. Nikasema, shofere wangu hatashuka bila kufunikwa. Maji anabariki padri, chumvi pia anabariki padri. Kuchanganya ninachanganya mwenyewe jikoni, mikono mbili ya chumvi kwa chupa moja, kama mama yangu alivyofanya. Kiisha ninafungua kapo, kile kifuniko cha mbele cha gari, ninamwaga juu ya moteri. Nguvu ya gari si iko pale?

Leo Barthélemy amesema pole pole: "Mama, unaweza kunimwagia mimi ku kichwa, hata chupa muzima. Ku moteri tuache."

Nilicheka. Nikamwaga.

Siku ya tatu, tarehe 3

Batri tumeipeleka kwa wenye mashine ya kusaga, wanaijaza umeme. Itarudi kesho.

Libérata alipita, dada wetu wa kikundi cha sala. Nikamuhadisia ile maneno ya shofere, kwa kucheka tu. Yeye hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Anakataa maji ya baraka?"

Nikasema si kukataa, ni ku moteri tu.

"Mama Alliance. Muntu gani anaogopaka maji ya baraka?"

Miaka kumi na moja anakula kwangu. Sikuwahi kufikiri vile hata siku moja. Na sasa nimefikiri, na siwezi tena kuacha kufikiri.

Siku ya ine, tarehe 4

Leo ninaandika mbio.

Batri imerudi imejaa. Mataa yanawaka kama ya gari mupya. Funguo ikageuzwa — nyee... nyee...

Libérata akaja na wamama wawili kuombea gari. Wakazunguka wakiimba. Yeye akaingiza mukono chini ya kiti ya shofere, akatosha kafurushi ka sachet ya plastiki. Ndani yake maganda ya muti, makavu, yamefungwa na uzi. Nyimbo ikakatika.

Barthélemy alisema: "Ni dawa ya kifua, Mama. Ninachemshaka, ninakunywa."

Libérata: "Dawa ya kifua inalala chini ya kiti?"

"Na mimi nashinda humo siku muzima. Niweke wapi, kwa altare?"

Mumoja wa wamama alianza kucheka, akajizuia. Mimi nikaleta chupa. Nikamuambia, mbele ya hawa wote, nitamwaga ku moteri na wewe utasema Amina, yaishe. Nilitaka tu yaishe, Bwana, wewe uliona.

Aliniangalia sana. Akaangalia chupa. Akasema: "Amina nitasema ku kila kitu, Mama. Lakini usimwage pale. Utaiharibu."

Nikanyoosha mukono, nikasema: funguo.

Akanipa. Akachukua koti yake. Pale ku kibaraza akageuka, nilifikiri atanitukana. Akasema tu, "Mama, itisha fundi."

Siku ya tano, tarehe 5

Maziwa imeshuka na pikipiki. Nusu imemwagika.

Bibiche, bibi ya Barthélemy, alipita na kidumu akienda ku maji. Hakunisalimia. Yeye niliyemushikia mikono akizaa mutoto wa kwanza.

Yale maganda tuliyachoma nyuma ya jiko. Moshi ikaingia ndani ya nyumba, na nikaijua ile harufu. Mama yangu alituchemshia muti ule ule, mimi na kaka zangu, wakati wa kikohozi. Nilisimama na mufagio mukononi nisijue nafagia nini.

Sikumuambia muntu.

Siku ya pili, tarehe 9

Ee Mungu. Niandike pole pole, yote kwa mupango.

Gustave alipanda kutoka Sake, fundi aliyetengenezaka gari wakati wa Kanamugire. Anapenda mizaha. "Mama Alliance, gari ya umri huu, hata mimi asubuhi bibi yangu ananisukuma." Majirani walijaa. Libérata pia.

Akanipandisha mimi ku usukani. "Washa mataa. Sasa geuza." Moteri ikalia nyee nyee, na mataa yakabaki makali, hayakupungua. Akasema: "Unaona? Kama batri njo mugonjwa, mataa yangezimika. Nguvu iko, Mama. Haifike."

Akaniita nishuke, nishike kakamba ka chuma kanakoendaka ku pedali ya mafuta. Nikagusa, nikarudisha vidole mbio. Ya moto! Akaeleza watu wote kama mwalimu: umeme unatoka ku batri, na lazima urudie ku batri. Njia yake kubwa ya kurudia imeziba. Basi unajisukuma kwa njia ndogo, njo maana ile kakamba inaungua.

Akatosha kable munene kwa mufuko wake. Ncha moja ku batri, ncha ingine ku chuma ya moteri. "Geuza."

Ikawaka. Mara moja! Hata sikumaliza kugeuza. Watu wakapiga mikono. Miezi mbili ya kusukuma, na dawa ilikuwa kipande cha kable.

Kiisha akalala chini ya gari, akafungua, akatokea na ile kable ya zamani, ile wanaita masi, inayofungaka batri na moteri. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kijani na nyeupe, imevimba, nyuzi zake zinaanguka kama unga. Gustave akaweka kidole juu yake, akakipeleka ku ulimi.

"Chumvi," akasema. "Mama, hapa munapikaka? Nani anamwagaka maji ya chumvi ku moteri?"

Majirani wakasogea karibu.

Mimi nikasema: sijui.

Nilisema vile. Mimi, muongozi wa rozari. Na mudomo ulikuwa haujafunga, Libérata akasema kwa sauti kubwa: "Sisi tunajua ni nani. Chumvi ya walozi. Alijua njo maana hakutaka maji ya baraka yaifike." Watu wakasema ee, ee, njo vile. Libérata haseme uongo — yeye anajua maji tu. Chumvi yangu ya jikoni hajaiona. Aliyeiona ni muntu mumoja, akinijia kuomba funguo asubuhi, mimi nikikoroga chupa.

Gustave aliniangalia. Akafuta kidole ku suruali. Akaweka kable mupya, akanifundisha niisafishe na nisiimwagie kitu. Ile ya zamani akanipa mimi. "Chunga hii, Mama." Hakusema kwa nini.

Siku ya tatu, tarehe 10

Nimeonja ile maji ya chupa. Kama mutoto, nimefunga mulango, nimeonja. Inachoma ulimi.

Kinachonishangaza si chumvi. Ni hii: alijua. Siku ile, mbele ya wamama wote, na furushi lake limefunguliwa kama nguo ya ndani, angesema neno moja tu: ni chumvi ya Mama mwenyewe inaharibu gari. Angepona. Mimi njo ningechekwa. Akasema "itisha fundi", akaenda.

Nilikuwa ninamwaga ili arudie muzima. Bwana, wewe unajua ilikuwa kwa ajili yake.

Siku ya posho, ile ya sita, tarehe 13

Nshimiyimana, mufanyabiashara wa ng'ombe, ametoka Rubaya. Amemuona Barthélemy. Anabeba magunia ya mawe ku mugongo kutoka kule juu ku machimbo — yeye, mwenye mugongo ya shofere. Hatua makumi mbili, anakaa chini. Nikauliza analala wapi. Nshimiyimana akacheka vibaya: "Nani atamulaza, Mama? Jina lilifika mbele yake. Watoto kule wanamuita Mulozi wa Gari. Anajifunika hema kwa soko."

Nikaenda nyuma ya zizi, peke yangu.

Kurudi nikamukuta Libérata ananingoja na furaha yote. Kikundi kimeamua: kesho nyuma ya misa watakuja hapa kwangu. Nitatoa ushuhuda — jinsi mulozi alifukuzwa na gari ikapona. Kiisha nitamwaga maji ya baraka ku moteri kwa shukrani. "Kwa mukono yako mwenyewe, Mama Alliance."

Nilitaka kusema. Nilifungua mudomo. Nikauliza kama anataka chai.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Ninaandika nimesimama, nimeingia kuchukua chupa.

Wako inje, labda watu makumi ine. Kapo imefunguliwa. Muntu fulani aliwasha gari kwa kuonyesha, ikawaka mara moja, wakaimba Aleluya. Libérata akasema, munaona, tangu muntu ule ameondoka.

Na Bibiche amekuja. Hakuna aliyemuita. Ana mutoto ku mugongo. Alipita katikati yao, wakamupishia njia kama muntu anayebeba moto. Akanipa funguo ya pili ya gari, ile Barthélemy alichungaka kwake kama yangu imepotea. Niliisahau kabisa. Akasema: "Bwana yangu, Baba Noël, ametuma hii kutoka Rubaya. Amesema Mama asitafute bure, asifikiri tumeiba."

Njo hayo tu. Hakulia. Afazali angelia.

Nikasema, ngojeni, naleta chupa. Nimeingia, na sijatoka.

Chupa iko mezani. Pembeni yake nimeweka ile kable, nilikuwa nimeificha ndani ya sanduku chini ya vitambaa vya altare. Unga wake wa kijani umeanguka juu ya kaye hii ninayoandikia. Nimeupuliza, umebaki ku ukurasa.

Wananiita. Libérata anasema, Mama Alliance, moteri itapoa!

Nikisema ukweli, watanicheka mpaka Sake. Rozari watanipokonya. Mama wa chumvi, njo watasema. Na kama hawatanicheka, kama watasema ni Barthélemy ameniloga niseme vile, itakuwa mubaya zaidi, na hiyo njo ninaogopa sana.

Wameniita mara ya pili. Kwa dirisha naona Bibiche amefunga mutoto vizuri ku mugongo, amegeuka. Anaenda.

Nimeshika chupa kwa mukono moja, kable kwa mukono ingine, kalamu iko katikati ya vidole. Lazima nitoke sasa, kabla hajafika barabarani.