Pale Alipoonyesha Baba Mkwe

Pangnirtung, 3 Machi 1994

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje huko Montreal? Sisi wazima, ila mdogo anaota meno na mimi nimesahau usingizi una ladha gani. Naandika nikiwa nimembeba mgongoni ndani ya koti, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Kulungu mwaka huu wametukimbia. Wako ng'ambo ya Ziwa Nettilling, na tangi la mashine ya mume wangu Iola halifiki huko na kurudi. Akijaza madumu ya petroli kwenye sleji anayoikokota nyuma, nyama itakaa wapi? Basi ameagiza tangi la pili la plastiki, wala si la kiwanda kilichounda pikipiki yake ya theluji. Limekuja na ndege pamoja na nepi, na karatasi yenye picha ya mashine isiyofanana na yetu hata kidogo.

Amelifunga nyuma ya kiti, mlangoni kwetu, vibano vimetapakaa hadi jikoni. Mpira wa kupeleka petroli mbele ulimkubali. Ukabaki ule mwembamba wa kupumulia, unaoingiza hewa petroli inapopungua. Iola akakuna kichwa, akamgeukia Baba, aliyekaa chini anatafuna ngozi ya samaki na gauni lake limegeuzwa nyuma mbele.

"Baba Mkwe, wewe ungeupitisha wapi?"

Baba akatoa kidole mdomoni, akaonyesha chini, nyuma, karibu na mkanda unaokanyaga theluji. Iola akaufunga pale pale.

Nikamwambia, "Huyu ana miaka minne."

"Ana jina la Akavak," akasema. "Akavak alifika Nettilling kwa sleji ya mbwa kabla sijazaliwa. Mimi nani nimbishie baba yako?"

Unamjua. Tangu tumpe binti yetu jina la marehemu, humwita Baba Mkwe hata anapompangusa kamasi. Nami namwita Baba vilevile. Ila mpira huo siuamini. Je, marehemu aliwahi kusema lolote juu ya mipira hii? Iola anaondoka upepo ukilala.

Binti yako,
Aalasi

Montreal, 8 Machi 1994

Mwanangu Aalasi,

Marahaba. Kifua kinapumua, chakula cha hapa hakina damu wala ladha. Mnuse mume wangu shavuni kwa niaba yangu. Mwambie aache kunyonya kidole. Alipokuwa mzee hakuwa na tabia hiyo.

Sasa nisikilize. Mpira usielekee chini. Mkanda unarusha theluji, theluji inaziba mdomo wa mpira na kuganda. Hewa haiingii, petroli haitoki. Tangi limejaa na mashine inakufa njaa. Upitishe chini ya kiti, uje mbele mpaka ndani ya boneti kwenye joto, na mdomo wake upindwe kama mkono wa birika.

Mume wangu aliyajua haya, tena aliyajua kwa kurudi nyumbani kwa miguu. Lakini sasa amerudi mdogo, anajifunza upya. Jina limefika, ujuzi bado uko njiani. Nani anampa mtoto mchanga asiye na meno ngozi ya buti ailainishe kwa kutafuna?

Ningemwambia Iola mwenyewe, lakini mkwe ni mkwe. Tangu akuoe hatujasemeshana. Tukipishana mlangoni yeye anatazama viatu, mimi natazama birika. Mwambie wewe. Usipige simu ya hapa bweni la wagonjwa, masikio yangu yanasikia filimbi tu. Mwambie kabla hajawasha mashine.

Mama yako,
Pitsiula

Pangnirtung, 17 Machi 1994

Mama,

Shikamoo. Sijui niulize hali yako au nikueleze yangu.

Barua yako imefika leo. Ijumaa upepo ulifunga uwanja, ndege ikazunguka juu yetu na kurudi; leo imewahi kutua upepo ulipotulia kwa saa moja. Iola aliondoka Jumamosi.

Jioni ya kwanza tulimpata kwenye redio ya mawasiliano. Akasema, "Baba Mkwe amelala? Mwambieni tangi ni zuri, sijagusa hata lile dumu la akiba." Nyumba nzima ikacheka. Tangu hapo ni mikwaruzo. Siku yake ya kurudi imepita.

Barua niliisoma nimesimama palepale posta. Nilipofika kwenye mpira, nikakaa juu ya gunia la mzigo wa watu. Leetia, jirani yangu, akasema, "Mwanaume ukimpa tangi kubwa, anakwenda mbali kuliko akili yake." Alitaka nicheke. Watu wa msako wako tayari, lakini hawaoni hata mlango wa jirani kwa theluji inavyopeperuka.

Sijamwambia mtu nani alionyesha mpira uende chini. Iola akipotea, watu watamtazamaje mtoto huyu? Na jina la baba litaubebaje mzigo huo? Leo mtoto aliniuliza kwa nini sicheki, nikamkaripia. Kisha nikamwomba radhi mara mbili, mara moja kama mwanangu, mara ya pili kama baba yangu.

Aalasi

Pangnirtung, 20 Machi 1994

Mama,

Ndege haijaja. Barua ya Alhamisi bado iko mezani, hii itaifuata.

Upepo umepungua kidogo, msako umeondoka asubuhi. Nimewapa chai, mikate ya kukaanga na soksi kavu za Iola. Kwa nini soksi, sijui. Mikono ilitaka kushika kitu chake.

Baba amekaa dirishani tangu waondoke, mkono juu ya goti, vilevile alivyokuwa akikaa marehemu. Haombi maziwa, haombi kucheza. Naogopa kumwuliza anaona nini.

Aalasi

Montreal, 25 Machi 1994

Iola, mkwe wangu,

Barua za mke wako zimenifikia zote mbili kwa pamoja. Sina salamu ya kuanzia, kwa sababu sijawahi kukusalimu. Najua ninachofanya ni aibu. Nitaibeba mimi, nimebeba vizito zaidi.

Aalasi, kama yeye hayupo wa kuisoma, ikunje hapa hapa. Usiendelee.

Iola, kama wewe ndiye unayesoma, nakuamuru kama mama yako: ung'oe mpira ule. Na mtoto asisikie kamwe kwamba alikosea. Yeye alinyoosha kidole tu. Aliyeshika bisibisi alikuwa mtu mzima.

Sijala tangu jana. Nijulisheni.

Mama mkwe wako,
Pitsiula

Pangnirtung, 2 Aprili 1994

Mama yangu,

Shikamoo. Kula, Mama. Yupo. Nimechelewa kukuambia, ndege haikuja tena mpaka ilipoleta barua yako.

Msako ulimkuta upande wa huku wa ziwa, anakuja mwenyewe, akisimama kila kilima. Mashine ilimzimikia na petroli imejaa. Alidhani ni plagi. Akazifungua mikono mitupu katika upepo ule, mara tatu. Ndipo alipoona mashavu ya tangi yamebonyea kama ya mtu mwenye njaa. Akafungua kifuniko, likavuta pumzi ndefu, anasema alilisikia kama binadamu. Mashine ikawaka. Lakini dhoruba ilikuwa imeshashuka, akajenga nyumba ya theluji akangoja, kisha akaja hivyo, akifungua kifuniko kila kilima. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekuwa vyeusi kwa baridi. Nesi anasema vitakatwa ncha.

Barua yako hakuipokea kwa mkono. Niliiweka mezani, akaisoma akiwa amesimama kando, kama inaunguza. Kisha akaikunja, akaitia ndani ya shati. Akaniita nimshikie tochi na bisibisi, maana mkono wake haushiki, nami nikaupitisha mpira mbele mpaka ndani ya boneti na kuupinda kama mkono wa birika. Anataka kurudi huko kabla theluji haijalainika. Nimemwambia hatoki mpaka nesi aseme, na nesi nimeshaongea naye. Hata hivyo, mashine yoyote ikipita nje, nakimbilia dirishani.

Jana Iola alipiga magoti mbele ya binti yake, akasema, "Baba Mkwe, nipelekee ujumbe kwa mke wako. Mwambie mpira uko juu. Mwambie niliogopa."

Baba akafikiri, kidole mdomoni. Kisha akaniambia nikuandikie wewe hivi: "Mimi pia niliogopa. Rudi nyumbani."

Binti yako,
Aalasi