Ramani Iliyokataa Kufunguka Mbele ya Kijiji

Kilosa mjini,
Jumapili, baada ya ibada

Baba,

Shikamoo. Shikamoo ya Mama nayo imo humu, mpe kwanza ndipo uendelee kusoma. Goti lake linaendeleaje na baridi ya huko kwetu Njombe? Na yule ng'ombe mwenye baka, ameshazaa au bado mnamsubiri? Mimi mwili ni mzima. Joto la huku nimelizoea mpaka nikifika Iringa sasa natetemeka kama mgeni.

Hebu itazame gundi ya bahasha. Kama imebanduliwa na kubandikwa tena, nijulishe. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yenu mnaipokelea dukani, na pale dukani spika haizimwi. Nimesikia habari zangu zimetangulia kufika: kwamba nimefukuzwa kwenye mkutano wa kijiji, kwamba nimenunuliwa na wafugaji. Aliyezileta nina watu wawili ninaowashuku. Siwataji, kwa sababu mwezi huu nimeshamtaja mtu mmoja na nimejuta. Nakueleza yote, halafu utaamua mwenyewe.

Kazi yangu ni kuchora ramani za mpango wa matumizi ya ardhi. Mradi wetu ni mdogo, tuko watatu tu. Yupo Mratibu, mama wa makamo ambaye ndiye bosi. Yupo Shabani, kijana wa kwao Kimamba, wazazi wake wakulima wa mpunga na mahindi. Na mimi, mtu wa kuja. Kuna kijiji kimoja upande wa Kimamba, jina naliacha, ambacho wakulima na wafugaji wamegombana miaka mingi. Ng'ombe wakiingia shambani watu hutoka na mapanga na fimbo. Safari hii wazee wa pande zote walikubali yachorwe mapito ya mifugo, njia moja inayojulikana, kutoka malishoni mpaka mtoni. Tulitembea nao wiki tano na kifaa cha GPS, kila kona tukiweka alama. Mimi nilichukua alama kwa kifaa cha ofisi. Shabani alitembea nyuma yangu na simu yake mfukoni.

Siku ya kuonyesha ramani kwa kijiji kizima ilikuwa Jumanne; wiki iliyotangulia wazee wachache wa pande zote walikuwa wameichungulia kwenye kioo cha kompyuta. Darasa la shule lilijaa, wakulima upande wa dirishani, wafugaji upande wa mlangoni. Jenereta ikawashwa, projekta ikamulika ukutani. Nikabonyeza programu ya ramani. Haikufunguka. Nikabonyeza tena. Yakatokea maandishi mafupi ya Kiingereza kwamba kuna kitu kimekosekana, basi. Nilizima kompyuta na kuiwasha upya huku watu zaidi ya mia wakinitazama mgongo. Maandishi yakawa yale yale.

Mzee Lemali, ambaye wafugaji humsikiliza kuliko mtu yeyote, alisimama akaegemea fimbo yake. Hakupaza sauti.

"Binti, wiki iliyopita ramani ilikuwemo. Leo haimo. Nani kaitoa?"

Nikaanza kueleza kwamba ramani imo, ila programu ya kuifungulia ndiyo yenye tatizo. Hapo akasimama Bi Mwajuma, mama mkulima ambaye shamba lake liko karibu kabisa na njia ile. Akasema nilionekana Ijumaa nikinywa chai kwenye boma la wafugaji. Ni kweli, nilikunywa. Alhamisi nilikuwa nimekula ugali kwake, lakini hilo hakulisema. Upande wa mlangoni wakaanza kunong'ona kwamba wakulima wameniambia niifiche. Upande wa dirishani wakasema mimi na wafugaji ni kitu kimoja. Mwenyekiti wa kijiji akanishauri tufungashe vitu tuondoke kabla hapajaharibika. Kwa hiyo waliosema nimefukuzwa hawakudanganya sana. Ulipokuwa karani wa mizani ya chai watu walikutazama kidole kama kinagusa sahani; naijua sasa hali hiyo.

Shabani alikunja waya za projekta taratibu, macho chini. Njiani kurudi nikakumbuka kwamba Jumapili iliyotangulia nilipita ofisini kuchukua mwavuli, nikamkuta peke yake kwenye kompyuta ile. Aliponiona alifunga kila kitu kilichokuwa kwenye kioo, akasema alikuwa anaangalia matokeo ya mpira. Matokeo ya mpira mtu huyaangalia kwenye simu.

Sasa ngoja nikueleze kidogo kuhusu kompyuta, bila hivyo hutaelewa nilichokosea. Yetu inatumia mfumo uitwao Linux, ambao haununuliwi. Ukitaka programu unaiagiza kutoka kwenye ghala la mtandaoni. Lakini programu haisimami peke yake. Kazi nyingine inaziachia programu ndogo za pembeni, zinaitwa maktaba, na kila programu husema inataka maktaba gani na ya toleo lipi. Ikikosa, au ikikuta toleo tofauti, inagoma. Programu mbili zikitaka maktaba moja kwa matoleo mawili, moja inaishi na nyingine inaanguka.

Nilipofika ofisini nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaagiza programu ya ramani iwekwe upya. Kompyuta ikajibu kwamba haiwezi: maktaba iliyopo ni mpya mno kwa programu ile, na programu yenyewe imezuiwa isibadilishwe. Imezuiwa. Zuio la namna hiyo halijiweki, Baba. Lazima mtu akae aandike amri, kama anayefunga kufuli. Kompyuta ile tunaitumia wawili. Mimi nilijua sijafunga kitu.

Nikaingia kwa Mratibu nikamwambia Shabani ameihujumu ramani kwa ajili ya ndugu zake wakulima. Alipoitwa akakiri kwamba Jumapili aliweka programu. Ya nini? Akakataa kusema. Aliniangalia mara moja tu kisha akaangalia mlango. Mratibu akampa barua aende akasaidie kupima mashamba ya miwa kule Ruhembe mpaka jambo lake litazamwe. Aliondoka kesho yake bila kuniaga, nami nikajiona nimeshinda.

Kompyuta haikujali ushindi wangu. Mtandao wa ofisi ni dhaifu, hivyo nilikuwa napakua vifurushi vya programu kwenye duka la steshenari mjini, naviweka kwenye flashi, narudi navyo. Nikiweka kimoja, kinadai kingine. Nakwenda kutafuta hicho kingine, nacho kinadai viwili ambavyo sikuwa navyo. Siku tatu nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi juani, mpaka yule dada wa steshenari akaanza kunitazama kama ninayeficha kitu kwenye flashi. Jaribio la mwisho nilitumia amri ya kulazimisha. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, kwa kuwa itaondoa na vitu vingine sitini na kitu. Nikaondoa mkono kwenye kibodi.

Nikampigia mwalimu wangu wa chuo, yuko Morogoro. Hakunifokea. Aliniuliza kwa nini nakimbilia kuweka vitu kabla ya kusoma kilichotokea. Mfumo, alisema, unaandika kila kinachoingia na kutoka, siku, saa, na jina la aliyeagiza. Nilikuwa nimesahau.

Nikasoma. Jumapili, kwa jina la Shabani, iliingizwa programu ndogo iliyotoka nje ya ghala letu, na ndiyo iliyokuja na maktaba mpya. Nikatabasamu peke yangu. Kisha nikaangalia ile programu ni ya kazi gani. Ni ya kusoma alama za njia zilizorekodiwa na simu.

Nikaenda kutafuta kufuli. Kumbukumbu za amri za Shabani hazikuwa nalo. Nikafungua za kwangu, na huko nikalikuta, tangu mwezi ule nilipoanza kazi. Niliinakili amri hiyo kutoka mtandaoni siku niliyoitayarisha kompyuta, kwa kuwa sikutaka mtu mwingine aguse programu yangu. Niliandika mwenyewe, nikasahau. Laiti nisingefunga, programu ya ramani ingeweza kupanda toleo pamoja na maktaba yake. Nilikaa nikitazama jina langu kwenye kioo mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nafunga ofisi.

Asubuhi nikapanda gari la Mikumi. Shabani alikubali tukutane pale barabarani, kwenye banda la mama anayeuza chai na chapati, malori ya Zambia yakipita karibu nasi. Alikuja na vumbi la miwa mpaka kwenye nyusi. Alinisalimia, akaagiza chai yake mwenyewe.

Nikamwambia nimeona programu aliyoiweka, na nimeona kufuli ni langu. Nikamwomba radhi.

"Dada Edina, mimi nilikuwa nakuchunguza wewe," akasema. "Baba zangu wadogo walioichungulia ramani waliniambia umeisogeza njia. Nikasema siwezi kukusema bila ushahidi. Simu yangu ilirekodi safari zote. Nilitaka nilinganishe na ramani yako, nawe usijue."

"Kwa nini hukumwambia Mratibu siku ile?"

"Ulikuwa umekaa pale. Ningesema namchunguza mtu ambaye ndiyo kwanza ameniita mhujumu?"

Nilimwuliza kama alipata nafasi ya kulinganisha. Akasema hapana, nilimkatisha nilipofuata mwavuli. Nikamweleza kwamba programu ya ramani ingeweza kuzifungua alama za simu yake yenyewe, hakukuwa na haja ya kuweka nyingine. Akacheka kwa pua. Angeniomba mimi nimfungulie ushahidi dhidi yangu?

Mratibu nilimpigia nikiwa pale pale, simu nikiiweka spika ili Shabani asikie ninavyosema kosa langu. Jioni ile Shabani alirudi Kilosa. Kesho yake tukakaa kompyuta moja, kila mmoja akiangalia mkono wa mwenzake. Tukaondoa kufuli. Tukatoa programu yake, tukalifuta lile ghala la nje kwenye orodha, tukairudisha maktaba kwenye toleo la zamani. Kisha nikaagiza programu ya ramani, na maktaba zake zote zikaingia bila kudai kitu. Ikafunguka. Njia ya mapito ilikuwa pale pale nilipoichora, nyekundu.

Shabani akachomeka simu yake. Njia yake ikatokea kwa rangi ya buluu, ikaifuata ya kwangu bega kwa bega tangu malishoni. Nikaanza kupumua. Ilipofika kwenye korongo zikaachana. Yangu ilikata upande wa mashariki, hatua mia na zaidi, ndani ya shamba la Bi Mwajuma.

"Hapa vipi?" akauliza.

Nilijua ni vipi. Siku ya korongo maji yalijaa, mimi nilikuwa na homa, nikabaki kwenye pikipiki. Wao walizunguka kwa juu na kuvuka. Kipande kile nilikichora kutoka kwenye ramani ya zamani ya karatasi, nikakusudia kurudi kukipima, sikurudi. Ndugu zake walikuwa wameona kweli. Sikuisogeza njia kwa makusudi, lakini ilikuwa imesogea, na kama programu ingefunguka Jumanne ile, kijiji kingegonga muhuri juu ya kosa langu, na ng'ombe wangepitishwa kwenye mpunga wa yule mama.

Tulirudi kijijini wiki iliyofuata. Mratibu alitaka turekebishe kimya kimya. Nilikataa. Nikasimama mbele ya ukuta, njia zote mbili zikionekana, nikasema la kufuli, la Shabani, na la korongo.

Mzee Lemali akauliza, "Kwa hiyo siku ile, hata kompyuta ingekubali, ungetuonyesha njia usiyoitembea?"

"Ndiyo, mzee. Na nilijua sikuitembea. Sikusema."

Bi Mwajuma akaja mbele, akanyoosha mkono, akasema kifaa cha GPS apewe yeye.

Tukatoka wote kwenda korongoni. Bi Mwajuma alikishika kifaa kwa mikono miwili kama anayebeba mayai. Mzee Lemali alitembea ubavuni kwake, akichungulia kioo kila aliposimama, na kila alama ilisomwa kwa sauti wote wawili wakairudia. Shabani aliandika. Mimi nilifuata nyuma. Tulipoziingiza alama, zilikaa karibu na njia ya buluu, isipokuwa mahali padogo ambapo wote wawili walikubaliana isogee mbali na kichuguu. Ramani imegongwa muhuri juzi. Wamechukua nakala mbili za karatasi, moja kila upande, kwa sababu hawataki iliyo kwenye kompyuta peke yake. Siwalaumu.

Mimi na Shabani tunasalimiana vizuri. Chai bado kila mtu anaagiza yake. Nilipokuwa nafungasha projekta Bi Mwajuma alinifuata.

"Ramani naiamini, mwanangu, maana nimeitembea mwenyewe. Wewe bado nakutazama."

Nikamjibu kwamba anayo haki.

Nisalimie shangazi Tulia na cherehani yake, mjomba Edsoni wa mashine ya kusaga, na mwalimu Haule aliyenifundisha hesabu. Huyo mwambie tu kwamba nimekosea hatua mia na kitu, atacheka. Wadogo zangu wasome. Dukani ukiulizwa, sema chochote kilicho kweli.

Ukimaliza, msomee Mama barua yote kwa sauti, hata mahali nilipokosea, usiruke.

Ni mimi binti yenu,
Edina