Leo Mfuniko Umeonekana Mpaka Chini

Jumamosi jioni. Jua limechoma Mboghoni tangu asubuhi, hata mbwa wamelala tu, lakini mimi niko na furaha ambayo siwezi kuificha, na wala sitajaribu.

Tumeshinda. Mlango wa nyuma wa bwawa hauzibwi.

Kwa wasiowahi kufika kwetu: bwawa letu la kumwagilia limekaa kama chupa iliyolazwa. Maji ya chemchemi yanaingia mdomoni, na mifereji ya mashamba makubwa inaanzia hapo hapo mdomoni. Huku nyuma kwenye kona, nilikonunua kipande changu baada ya miaka ya kuuza miche ya nyanya kwenye beseni sokoni Taveta, maji yalikuwa yakifika yanalala. Mbolea, dawa za kupulizia, uchafu wa kila mtu, vyote vilikuja kulala kwangu. Ukoko wa kijani, harufu ya yai bovu. Miche ikawa njano.

Nikilalamika, naambiwa mtu wa milimani kama mimi hajui kilimo cha tambarare. Kisha kamati inaenda mdomoni, mwenyekiti anachota kikombe, anakunywa mbele ya watu, anapangusa masharubu. Maji ni mazuri, kikao kimefungwa. Kila mwaka hivyo, ndiyo desturi. Hakuna aliyewahi kuja kuchota huku kwangu.

Sikusomea mambo ya maji, lakini hesabu naijua. Nilichukua mfuniko mweupe wa sufuria, nikaufunga kamba yenye fundo kila futi, nikawa nauteremsha pale kwenye kona kila kiangazi kikianza, nione maji yananionyesha hadi fundo la ngapi. Mwaka wa kwanza ulipotea machoni kabla fundo la kwanza halijalowa. Wa pili vile vile. Wa tatu vile vile.

Wakaniita Mama Mfuniko.

Ndipo nikatoa ukanda wa shamba langu mwenyewe, ukachimbwa mlango wa nyuma ili maji yapite, yashuke kwenye migomba ya watu wa chini. Hiyo sasa ni miaka minne. Mfuniko ukaanza kwenda: fundo moja, mawili, karibu matatu. Polepole, lakini ulienda.

Kiangazi hiki kamati ikasema mlango wangu unapoteza maji, uzibwe. Nikaomba kitu kimoja tu: kikao kifanyike kwenye kona, si mdomoni.

Leo wamekuja. Kamba nilimpa mwenyekiti ashike mwenyewe, mtu asije akasema nimeivuta. Akateremsha. Fundo la tatu likazama, la nne likazama, kamba ikalegea. Mfuniko umekaa kwenye tope chini kabisa, mweupe, hata kishikio chake unakiona.

Baba Mwakio, jirani yangu ambaye naye anamwagilia kutoka huku nyuma, akatoa kikombe mfukoni. Kumbe alikuja amejipanga.

"Mwenyekiti, desturi ni desturi. Kunywa."

Watu wakavunjika mbavu. Mwenyekiti akaangalia kikombe, akaangalia maji.

"Kunywa, bado," akasema, akanigeukia. "Lakini Mama Wakesho, huu mlango siuzibi."

Akakunja suruali, akaingia hadi magotini, akanawa uso. Huku nyuma, maji yale yale aliyokuwa akipita mbali nayo akiwa ameziba pua.

Hakuomba msamaha kwa ile miche yangu yote iliyokufa. Sijasahau, na hasira bado ninayo, nisidanganye. Ila leo imenyamaza kidogo, inasikiliza maji yakipita.

Walipoondoka, kile kikombe nilikataa kisirudi mfukoni mwa Baba Mwakio. Nimekitundika kwenye msumari kando ya mlango wa nyuma, kinamngoja mwenyekiti.

Sijui atakunywa mwaka gani. Lakini atakunywa.