Zuhura, Usiwashe Mkaa Ndani ya Karavani

Zuhura, mjukuu wangu,

Huna akili. Salamu utazipata mwisho, ukizistahili. Nimekulea tangu mama yako alipofariki, nimekusuka, nimekupeleka skuli kwenye mvua, nimekukimbiza na mwiko ngazi zote za nyumba hii ya Saltley, huku ughaibuni, na miaka yote hiyo ulikuwa husikii. Nikikwambia vaa soksi, unavua. Nikikwambia lala, unawasha simu. Leo, katika jambo moja tu ambalo ningependa uwe mkaidi, ndipo umeamua kunitii.

Nimeisikiliza ile sauti uliyorekodi, ambayo mumeo Yusuf alipanda nayo kwenye ukuta wa bahari, penye mtandao, ndiyo ikafika. Nimeisikiliza mpaka Salum, mjomba wako, akaninyang'anya simu. "Bibi, usijali, nafanya kila ulichonifundisha. Tumepata jiko, na wageni wa kiangazi wametuachia gunia zima la mkaa wa kuchomea nyama. Alhamisi nikishaoga tunaanza. Nitaliweka chini ya kitanda, kama ulivyomfanyia mama." Ukacheka. Nyuma yako mtoto akapiga chafya, nami nikasema alhamdulillahi, nikainuka kukufungia mzigo wa uzazi.

Kabla sijaufunga, nikajua jambo nitakalokueleza, na tangu hapo sijakaa vizuri. Tumekupigia, haiingii. Tumempigia Yusuf, haiingii. Tumetuma maneno, yana alama moja tu kama jino la mtoto. Salum akapiga simu ya ofisi ya hiyo kambi ya likizo mnayoilinda, ikalia ikalia, mpaka nikamwambia acha, ofisi wakati wa baridi si ndiyo hao hao Zuhura na Yusuf? Basi naandika, kwa mkono wangu, kwa elimu yangu ya kisomo cha watu wazima, na Salum ataibeba barua kesho Alhamisi alfajiri. Kazi yake ya karakana huko Hockley itamsubiri. Na wanawake wenzangu wa huku nimewaambia waisome, kwa sababu hakuna hata mmoja wao asiye na chetezo ndani.

Sasa kumbuka pamoja nami, tena kumbuka vizuri.

Mwaka jana baridi hii hii, kabla hujarudi huko na mumeo, tulikuwa karavani hilo hilo mimi na wewe. Yusuf alikuwa bado ana kazi ya ghala upande wa Castle Vale, anakuja Jumamosi na kurudi Jumapili. Wewe ukaniambia, "Bibi, ni kazi rahisi, kuangalia kambi tu, karavani la kulala bure, na bahari." Nikakuuliza bahari gani, ukasema ya Wales. Nikasema msichana halali peke yake mwisho wa dunia, nikachukua begi langu. Nilipoiona hiyo bahari nilitaka kurudi siku hiyo hiyo. Bahari ya rangi ya maji ya kufulia, inapiga ukuta kama inadai kuingia. Karavani zimepangwa safu kwa safu, mapazia yamefungwa, hakuna mtu, hakuna sauti ya mtoto wala redio. Nilikwambia hapa ni makaburini. Ukanijibu, "Bi, chill."

Lakini tuliifanya ile kazi. Kila asubuhi tunazunguka, wewe na funguo, mimi na bakora, unagusa kila mlango kama umefungwa. Tukafungulia mifereji maji yote yatoke, mabomba yasije yakapasuka kwa barafu. Akija mgeni na gari lake la kulala unampokea kwa Kiingereza, nami nampokea kwa mandazi. Ulikuwa unaona haya. "Bibi, Wazungu hawali kitu cha mtu wasiyemjua." Walikula. Yule mzee wa mbwa, jirani wa nyumba ya mawe pale juu, alikula mpaka akarudisha sahani ameibeba tupu kwapani kama gazeti. Unakumbuka nilivyomsimamisha? Nikakwambia mwambie kwetu sahani hairudi tupu. Ukaiva uso kwa aibu. Ukamwambia. Mzee akavua kofia, akaomba radhi, na toka siku hiyo sahani ikawa inakuja na mayai, mara inakuja na viazi, siku moja samaki mwenye kichwa chake.

Weka hilo la sahani pembeni. Tutalirudia.

Unakumbuka na Alhamisi zetu? Nilisema nyumba hii ina unyevu na upweke, lazima tuifukize kila usiku wa kuamkia Ijumaa kama tunavyofanya nyumbani. Alhamisi ya kwanza nimetia tu makaa kwenye chetezo, udi hata haujashika, kile kidude cheupe ukutani kikaanza kupiga kelele kama kuku anachinjwa. Wewe ukapanda kitini ukakichomoa. Ukasema, "Kinaogopa moshi, Bibi, wamekiweka kwa ajili ya wapishi wabaya." Tukacheka. Ukakifunga kwenye kanga yangu ya njano ukakitia chini ya godoro, na kila Alhamisi tukawa tunafanya hivyo: kwanza tunakifunga mdomo, halafu tunafukiza.

Na Alhamisi ya mwisho unaikumbuka. Upepo ulikuwa unalitikisa karavani lote. Tuliziba madirisha kwa matambara, tukaweka taulo chini ya mlango, nikajaza makaa mengi maana nilitaka na joto pia. Baada ya magharibi kichwa kikaanza kuniuma. Nikasema ni baridi. Wewe ukalala kochini, ukawa unacheka kitu ambacho sikukijua, halafu ukanyamaza. Nilikuita. Ulijibu maneno hayana kichwa wala miguu. Nikataka kuinuka, magoti yakakataa. Nikasema ndiyo, bahari hii ina wenyewe, wametuingilia. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiy, na mimi niliyeijua tangu sijang'oa meno, nikaipoteza katikati.

Ndipo mzee akabisha hodi. Sahani, Zuhura. Alikuja kurudisha sahani.

Alifungua mlango mwenyewe, mbwa akabaki nje analia. Mzee akakiangalia chetezo, akakikamata kwa glavu zake akakitupa mchangani na udi wangu wa Unguja ndani yake. Akavuta matambara, akafungua madirisha yote, akakuburura wewe mpaka kwenye ngazi. Nami, nimeshika ukuta, nilimtukana. Nilidhani hapendi harufu ya Kiislamu. Nikakwambia uliza ana nini huyu. Ukasema, ulimi mzito, "Anasema humu hamna hewa." Nikasema mwambie hewa iko huko nje tele, tumeifungia makusudi.

Ulitapika, ukalala, asubuhi ukaamka. Mzee alirudi, akasema mengi, wewe ukaniambia "anasema tufungue madirisha, Bibi," basi. Labda ndiyo yote uliyosikia, labda hukutaka niaibike. Sitaki kujua. Wiki ile ile Yusuf akaja kutuchukua, nikasomba kanga zangu zote hata iliyokuwa chini ya godoro; tulipofika hapa nyumbani nikalitupa begi langu chini ya kitanda, nikasema tumepatwa na upepo mbaya wa baharini.

Jana nililivuta lile begi. Nilitafuta kanga laini za kumpelekea mtoto. Nikaishika ile ya njano, ikawa nzito. Nikafungua, kidude kikaanguka mezani.

Salum akakiokota. Akaniuliza nimekitoa wapi. Nikamweleza, huku nafunga tangawizi na pilipili manga, namweleza kama kichekesho. Yeye hacheki. Akasema, "Mama, hiki hakinusi moshi. Kinanusa sumu ya mkaa. Haina harufu, haina rangi, mtu anasinzia nayo haamki." Akakibonyeza, kikalia. Kizima kabisa, Zuhura. Mwaka mzima kimekaa kwenye kanga yangu kizima, na kule ukutani kwenu kumebaki msumari mtupu.

Niliketi kwenye mzigo wako wa uzazi. Salum akaniletea maji. Nilikuwa naiona ile taulo chini ya mlango. Naona kitanda chenu kidogo, jiko chini yake, mtoto katikati yenu, madirisha yamezibwa kwa sababu nani asiyeziba na upepo ule. Na wewe unaanza kusinzia na kusema, kumbe Bibi alisema kweli, joto linaleta usingizi mzuri.

Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu akikosea, guu la nani linavunjika.

Sikiliza sasa, nikueleze, usije ukasema Bibi amezeeka anageuza maneno. Mama yako nilimweka arobaini, nikamkanda, nikamwekea jiko chini ya kitanda cha kamba, akatoka amenona na wewe umenona. Ni kweli. Lakini nyumba ile ilikuwa inapumua. Ukuta na paa havikukutana. Paka alikuwa anapita pale juu anakwenda kwa jirani. Mlango hatukuujua kufunga mpaka watu walale. Hilo karavani halipumui. Ni kopo. Nilikufundisha jiko, sikukufundisha nyumba, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba nyumba nayo ilikuwa inafanya kazi.

Mimi siogopi kitu, unanijua. Nilipanda ndege sijui kusoma ubao wa uwanja. Nimemzika mume na nimemzika mama yako. Lakini leo kila simu ikilia kwa jirani, ukuta wa pili, natoka kibarazani na kanga moja, katika baridi hii, naangalia kama kuna mtu anakuja mlangoni kwangu na uso wa habari. Nikifumba macho nakusikia unacheka kwenye lile kochi, halafu unanyamaza. Sitaki kukusikia tena unanyamaza hivyo. Na huyo mtoto sijamnusa bado, hata kichwa chake sijakinusa.

Kwa hiyo hivi ndivyo itakavyokuwa. Salum nimemwambia asikupe barua hii mkononi mpaka ameliona jiko liko nje na dirisha liko wazi. Ukibisha, nimempa ruhusa ya kukufokea kwa sauti yangu. Joto lako la uzazi litakuwa la maji. Nimekutilia mzigoni mifuko ya mpira, ijaze maji ya moto, mmoja mgongoni, mmoja miguuni, na Yusuf akukande kwa taulo. Ana mikono mikubwa, aitumie. Uji unywe na pilipili manga mpaka machozi yakutoke. Udi nimekuwekea kidogo, wa kunusa kwenye kanga tu. Ukiuwasha nitajua.

Na yule mzee mpelekee mandazi, sahani kubwa. Mwambie ni ya bibi aliyemtukana. Ikirudi na chochote, kipokee.

Salamu aleikum, wewe na mumeo na huyo mdogo nisiyemnusa. Najua mzazi hatoki nje arobaini haijaisha. Ni mimi niliyekufundisha, na ni mimi ninayekwambia utoke. Kidude anacho Salum, kitundikeni pale pale kwenye msumari wake, ukibonyeze mpaka mtoto alie. Halafu weka karatasi hii chini, jifunge kanga mbili na koti la Yusuf, panda kwenye ukuta wa bahari, unipigie nisikie unavyopumua.

Bibi yako